Nilimpa mzazi dawa ya mwenzake, nikaambiwa nisiandike. Nifanyeje?

SWALI

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka minne kazini, niko wodi ya wazazi katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Wiki iliyopita, zamu ya usiku, tulikuwa wauguzi wawili kwa akina mama zaidi ya thelathini. Saa nne usiku nilipita na trei la dawa, nikaita 'Mama Asha', akaitika mama wa kitanda cha 7, nikampa nifedipini ya miligramu 20. Kumbe Mama Asha mwenye presha ni wa kitanda cha 9, naye muda huo alikuwa ameenda kunyonyesha kwenye chumba cha watoto njiti. Baada ya kama saa moja yule wa kitanda cha 7 alilalamika kichwa kinamgonga na anaona kizunguzungu, na alipoinuka kwenda chooni akaanguka. Presha ilikuwa 80/50. Tulimlaza, tukainua miguu, tukaweka dripu, daktari wa zamu akaitwa. Asubuhi alikuwa vizuri na keshokutwa yake akaruhusiwa.

Asubuhi ile nilimweleza mfawidhi wa wodi ukweli. Akasema nisiandike habari za dawa, niandike 'kizunguzungu baada ya kujifungua, hakula vizuri'. Niliandika hivyo. Chati ya kitanda cha 9 nilikuwa nimeshaweka sahihi. Jana mume wa yule mama wa kitanda cha 7 amekuja anataka nakala ya faili, anadai jirani wa kitanda alimwambia mkewe kwamba alimezeshwa vidonge vya mtu. Mfawidhi ameniambia nikae kimya, na kwamba ile karatasi 'haitaonekana'. Silali. Je, nitafungwa? Nitanyang'anywa leseni? Nikisema ukweli si nitakuwa nimejichongea mwenyewe? Na huyo mwanamume ana haki gani na faili la mkewe?"

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu nikapigia mstari sentensi moja ambayo wewe umeipita mbio. Nitaifikia. Nianze na lile linalokunyima usingizi, maana mtu mwenye hofu ya jela hasikii kingine.

Sijaliona faili, sijamsikia mfawidhi wako wala daktari wa zamu, kwa hiyo najibu kwa jinsi ulivyonieleza wewe. Nilikaa wodini miaka mingi kabla ya kurudi darasani kusoma sheria. Nitazungumza kama nesi na kama mwanasheria, na wawili hao wakigongana nitakwambia.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu kinachomgusa mtu anayetoa tiba kwa uzembe au kwa kutojali kiasi cha kuhatarisha maisha ya anayemtibu. Nisikudanganye kwamba hakikuhusu. Kinamhusu kila anayeshika sindano. Lakini kati ya kuteleza na kutenda jinai pana umbali. Mwendesha mashtaka anatakiwa kuthibitisha kesi bila kuacha shaka yenye msingi, na mtu aliyeita jina, akaitikiwa, akatoa dawa iliyoandikwa na daktari, kisha akamkimbilia mgonjwa mara alipoona mabadiliko, hafanani na mtu aliyeingia zamu amelewa, au aliyeona mgonjwa anaanguka akaendelea kuchati. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna polisi atakayekuita. Naweza kukwambia kwamba kwa kidonge peke yake, kwa mgonjwa aliyerudi nyumbani salama, jela si mahali ninapokuona.

Ila kuna la pili, ambalo barua yako inalitaja kama jambo dogo. Kughushi, kwa Kanuni hiyo hiyo, ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Na kuharibu au kuficha karatasi huku ukijua inaweza kuhitajika kama ushahidi mahakamani ni kosa jingine linalosimama kwa miguu yake. Kuteleza kwa saa nne usiku kuna maelezo ambayo hakimu yeyote anaweza kuyaelewa: wauguzi wawili, akina mama thelathini na zaidi, majina yanayofanana. "Hakula vizuri" haina maelezo. Uliiandika asubuhi, taa zikiwa zinawaka, umekaa kwenye kiti. Na mume keshafika na swali, kwa hiyo karatasi ikipotea leo, itakuwa imepotea baada ya kuulizwa. Kama wakili, kidonge hakinitishi. Karatasi inanitisha.

Wengi huniambia, "Lakini mkubwa ndiye aliyeniamuru." Haikusaidii. Amri ya kufanya kosa haigeuki halali kwa kuwa imetoka juu, na leseni iliyo kwenye pochi yako ina jina lako, haina jina la mfawidhi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 inamsajili mtu mmoja mmoja, na Baraza la Uuguzi na Ukunga likikuita litakuuliza wewe uliandika nini kwa mkono wako. Baraza lina uwezo wa kuonya, kusimamisha na hata kufuta jina kwenye rejista. Nikilinganisha muuguzi aliyekosea akaripoti na muuguzi aliyekosea akaandika uongo, najua ni yupi ningependa kumtetea. Wa kwanza ana mengi ya kusema kwa upande wake. Wa pili kila analosema baada ya hapo linapimwa kwa mizani ya ule uongo.

Kwa upande wa madai ya fidia, hofu nayo imekuzwa. Ili mgonjwa ashinde kesi ya uzembe lazima aonyeshe kwamba ulikuwa na wajibu kwake, kwamba ulishuka chini ya kiwango cha muuguzi mwenye ujuzi wa kawaida, na kwamba kushuka huko ndiko kulikomletea madhara. Madhara yenyewe ndiyo hupimwa kwa pesa. Mama aliyepata kizunguzungu, akaanguka, akapona kesho yake, ana haki ya kulalamika na pengine kufidiwa, lakini si madai ya kuuza nyumba. Halafu anayeshtakiwa kwa kawaida ni mwajiri, kwa kuwa mwajiri hubeba makosa ya mfanyakazi aliyekuwa kazini mwake. Muda wa kufungua madai ya aina hii ni miaka 3, na kama hospitali ni ya serikali, lazima itangulie notisi ya siku 90. Kwa maneno mengine, kunyamaza wiki mbili tatu hakufukii kitu. Huyo mume ana muda mrefu kuliko subira yako.

Sasa ile sentensi niliyoipigia mstari: "Chati ya kitanda cha 9 nilikuwa nimeshaweka sahihi."

Barua nzima inamzungumzia mama aliyekunywa dawa isiyo yake. Mama ambaye dawa ilikuwa yake umemtaja mara moja tu, kueleza kwa nini hakuwepo kitandani. Yeye alikula dozi yake usiku ule? Kama hukurudi kumpa, basi chati inasema amepewa na mwili wake unasema hakupewa. Fikiria raundi ya asubuhi. Daktari anasimama kwenye kitanda cha 9, anapima presha, anakuta bado iko juu. Anatazama chati: saa nne usiku, nifedipini 20, sahihi. Anafikiria nini? Kwamba dawa imeshindwa. Anaongeza dozi, au anaongeza dawa ya pili, kwa presha ambayo haikuwa sugu bali haikuwa imetibiwa. Na unajua vizuri kuliko mume yeyote wa Dar kwamba kifafa cha mimba hakingoji mimba. Mama mwenye presha anaweza kushikwa na degedege hata siku kadhaa baada ya kujifungua.

Na kitanda cha 7 vivyo hivyo. Hujaniambia kama daktari wa zamu usiku ule alijua kuhusu kidonge. Kama hakujua, aliletewa mzazi mwenye presha ya 80/50, na daktari yeyote mwenye akili timamu hapo anawaza jambo moja kwanza: anavuja damu. Atakandamiza tumbo kuangalia mji wa uzazi, atachungulia pedi, ataongeza dawa ya kubana kizazi, pengine ataagiza damu. Kumbe ni nifedipini imelegeza kuta za mishipa, presha imeshuka, na kwa kuwa mama alishapoteza damu kiasi wakati wa kujifungua, alipoinuka ghafla ubongo ukakosa damu ya kutosha kwa sekunde chache. Tiba yake ni kulala, maji na kusubiri.

Ndiyo maana nasema tunakosea tunapolifundisha faili kama kitu cha kujilinda mahakamani. Wanafunzi hukariri kwamba kisichoandikwa hakikufanyika, wanatoka darasani wakidhani faili ni shahidi. Faili ni sehemu ya tiba, kama dripu. Mtu atakayekuja baada yako anatibu kwa kulisoma. Ukiandika uongo humdanganyi hakimu, ambaye huenda asilione kabisa; unamdanganya daktari wa zamu inayofuata, na anayemeza matokeo ni mgonjwa.

Tulitazame kosa lenyewe, maana unajihukumu kabla hujajichunguza. Hapa kwetu mwanamke akishazaa jina lake hubaki kwenye cheti tu; wodi nzima inamwita kwa mwanawe. Mama Asha, Mama Juma, Mama Neema. Ita "Mama Asha" katika wodi yoyote ya wazazi, iwe Temeke, Amana au Mwananyamala, na usishangae vikiinuka vichwa viwili. Kanuni ya kwanza ya kutoa dawa ni mgonjwa sahihi, tunaikariri kabla hata ya dozi sahihi, lakini njia tunayoitumia kumtambua ni ya mtaani. Tena hata ukimuuliza, "Wewe ndiye Mama Asha?" atasema ndiyo, kwa sababu ndiye. Mgonjwa aliyechoka husema ndiyo kwa swali lolote linaloulizwa na mtu mwenye gauni jeupe. Uliza, "Niambie majina yako matatu," unyamaze, umwache ayataje, kisha uyalinganishe na chati pamoja na namba ya faili. Inakula sekunde kumi.

Wakazi wa Dar wa umri wangu hawajasahau mwaka 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walipobadilishwa: wa goti akafunguliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Chumba kilikuwa na wataalamu, si mnesi mmoja na trei. Mwaka uliofuata, 2008, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi ya upasuaji yenye vipengele 19, na miongoni mwa vya mwanzo kabisa ni mgonjwa kuthibitisha yeye ni nani na anafanyiwa nini kabla hajalazwa usingizi. Inaonekana kama mchezo wa watoto. Imewekwa pale kwa sababu watu wazima wenye digrii hulikosea jambo hilo.

Mwanasaikolojia wa Uingereza, James Reason, alieleza ajali za aina hii kwa mfano wa vipande vya jibini lenye matundu vilivyopangwa. Jibini letu halina matundu, kwa hiyo mimi hutumia neti. Chukua neti nne kuukuu, zitundike moja nyuma ya nyingine. Kila moja imetoboka mahali pake, na mara nyingi mbu anayepenya ya kwanza hugonga ya pili. Siku matundu yakikaa mstari mmoja, mbu anafika kwa mtoto. Usiku wako ulikuwa na tundu la watu wawili kwa wodi nzima, tundu la majina yanayofanana, tundu la mgonjwa aliyetoka kitandani bila kuacha alama, na tundu lako wewe la kutia sahihi kabla ya kuona dawa imemezwa. Hilo la mwisho ni lako, likubali. Mengine ni ya hospitali. Lakini mradi karatasi inasema "hakula vizuri", neti zote nne zinarudi kutundikwa vilevile, na mwezi ujao mwenzako ataita Mama Juma.

Mfawidhi wako nisimhukumu sana. Namfahamu, kwa maana ya kwamba nimefanya kazi na watatu wa aina yake, na siku moja nilikaribia kuwa wa nne. Katika hospitali zetu tukio likitokea tunaanza kwa kutafuta mchawi, na mchawi akishapatikana kikao kinafungwa. Mfawidhi anajua kwamba ripoti ikipanda ghorofani, itashuka na barua ya kujieleza. Anakulinda kwa njia pekee aliyofundishwa. Ni ulinzi mbaya tu.

Una njia tatu au nne, na hakuna iliyo tamu.

Ya kunyamaza nimeshaisema. Nyongeza moja tu: ukweli hauko mikononi mwenu tena. Jirani wa kitanda aliona. Akina mama wodini hawana kazi nyingine usiku ila kuangalia nesi anafanya nini.

Ya kumpigia mgonjwa simu peke yako usiku wa leo na kutubu, naielewa, na ningekuzuia. Utamtua mzigo wako yeye, bila daktari wa kumjibu maswali ya kitabibu, na hospitali itasema ulitoa taarifa za mgonjwa kienyeji. Vivyo hivyo usiiweke hadithi hii kwenye kundi la WhatsApp la wakunga kutafuta ushauri, hata bila majina. Dar ni ndogo. "Kitanda cha 7, wiki iliyopita" inatosha kumtambulisha mtu.

Ya tatu ndiyo ninayokushauri: andika ripoti ya tukio, ipeleke juu ya mfawidhi, kwa metroni au kwa mganga mfawidhi, na uombe kikao cha kumweleza mgonjwa. Kabla ya kwenda, mwambie mfawidhi kwamba unakwenda. Mwambie kwa heshima, ana kwa ana: "Dada, nimeshindwa kukaa na hili. Kesho asubuhi naandika ripoti. Nimeona usilisikie kwa mtu mwingine." Mpe nafasi ya kuja nawe. Wengine huja.

Ripoti iandike kama unavyoandika matokeo ya kipimo. Saa, dawa, dozi, kitanda, presha, ulichofanya, nani aliitwa. Usijitukane na usijitetee. "Nilizembea" ni hukumu, mwachie anayehukumu. "Niliita kwa jina la Mama Asha bila kulinganisha namba ya faili" ni tukio, na lina faida zaidi kwa kila mtu. Weka na idadi ya wauguzi na wagonjwa wa zamu ile. Kisha andika kwamba maelezo ya asubuhi hayakuwa sahihi na kwamba unayasahihisha.

Katika mafaili yenyewe usifute kitu, usichane, usibandike karatasi, usipake wino mweupe. Nenda kwenye ukurasa wa sasa, andika tarehe na saa ya leo, kisha: maelezo yaliyochelewa, kuhusu usiku wa tarehe fulani. Eleza kilichotokea, weka jina, cheo na sahihi. Maneno ya zamani yabaki yanasomeka. Fanya hivyo kwenye faili la kitanda cha 7 na kwenye chati ya kitanda cha 9, kwa idhini na ufahamu wa metroni, maana faili la aliyeruhusiwa huenda limeshakwenda masijala na hutaki kuonekana unayachezea mafaili peke yako. Nakala ya ripoti yako ibaki kwako. Kurasa za faili la mgonjwa usizipige picha kwa simu yako.

Kumweleza mama kufanyike na daktari akiwepo, mahali pa faragha, si dirishani. Aambiwe alipewa dawa gani, kwa nini, ilifanya nini mwilini, na kwamba haitegemewi kuacha madhara baada ya kuisha. Ana mtoto wa siku chache kifuani, kwa hiyo hata asipouliza, swali lake la kwanza moyoni ni maziwa. Jibuni hilo mapema: nifedipini huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, na hupewa akina mama wanaonyonyesha. Aambiwe na kinachobadilishwa wodini. Na mwambie pole. Watu wanaogopa neno hilo kana kwamba ni hati ya kukiri kosa. "Pole kwa yaliyokupata, nilikupa dawa ya mgonjwa mwingine" ni ukweli na utu. Kuhusu fidia usiahidi chochote, si yako kuahidi.

Je, watakushtaki ukisema? Wanaweza. Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, zilianza tangu 2001 kuwaeleza wagonjwa makosa waziwazi na kutoa fidia pale zinapostahili, na madai mapya yakapungua badala ya kuongezeka. Sheria zao si zetu, na bima zao si zetu, kwa hiyo sikupi hilo kama dhamana. Nakupa lililonitokea mimi, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mwenzangu hakuweka tiki kwenye chati, nami nikamchoma mtoto dozi ya pili ya jentamaisini, antibayotiki inayoweza kuumiza figo, saa nne tu baada ya ya kwanza. Daktari alikaa na mama yake kwenye benchi la korido, nami nimesimama pembeni na mikono nyuma kama mwizi, akamweleza yote, na kwamba watapima figo za mtoto. Mama yule hakunisalimia siku mbili. Siku ya tatu aliniita, akataka nisome chati kwa sauti kabla sijachoma, na toka siku hiyo alinisimamia hivyo kila saa ya dawa, kama msimamizi wa mtihani wa taifa. Aliruhusiwa bila kuniaga. Hakushtaki.

Sasa mume. Hapa wengi wetu tunakosea pande zote mbili. Kwa mazoea ya kwetu mume au mama mkwe akifika dirishani na sauti nzito, tunamsomea kila kitu. Faili ni la mke. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na ndoa haimgeuzi mtu kuwa mmiliki wa taarifa za mwenzake. Aambiwe kwa adabu aje na mkewe, au alete idhini ya mkewe ya maandishi. Huenda mle ndani kuna mambo mengine ambayo yule mama hajamwambia mumewe na hana nia ya kumwambia. Si kazi yetu kuyafungua kwa sababu tunataka kumalizana na malalamiko.

Lakini upande wa pili: siri ni ya mgonjwa, si ya hospitali. Mfawidhi asije akashika neno "usiri" kumzuia mama mwenyewe. Yeye akija na kuomba kujua nini kiliingia mwilini mwake, ana haki ya kujibiwa, na kumjibu kwa faili lenye uongo ni kumkosea mara ya pili. Tunawaambia kila siku kwenye kliniki, mficha uchi hazai. Safari hii anayetakiwa kufunua ni sisi.

Nije kwenye gharama, kwa sababu sitaki uende kwa metroni ukidhani utapigiwa makofi. Unaweza kupewa barua ya onyo. Unaweza kuhamishwa wodi. Wenzako wa zamu wanaweza kupunguza mazungumzo ukiingia chumba cha chai, na hilo huuma kuliko barua. Kama uko hospitali binafsi na ukaachishwa kazi, sheria ya ajira ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, na shauri la kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Zihesabu, maana hupita haraka. Uko serikalini, kuna taratibu za utumishi wa umma. Tangu 2015 tuna pia sheria ya kuwalinda watoa taarifa, ingawa nakuomba usiikimbilie hiyo kabla hujajaribu mlango wa metroni. Kwenda kwa Baraza au kwa vyombo vya nje ndiyo njia yangu ya nne, na ni ya siku ambayo karatasi imepotea kweli, au umeombwa kusaini maelezo mapya ya uongo.

Siku hiyo ikifika, usiendelee kuniandikia mimi. Tafuta wakili wa kukaa naye mezani. Vivyo hivyo ukipokea barua ya kujieleza, wito wa Baraza, wito wa polisi, au notisi ya kushtakiwa: usijibu kwa maandishi siku hiyo hiyo, na usisaini maelezo yaliyochapwa na mtu mwingine. Kama ni mwanachama wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, au wa chama cha wauguzi, TANNA, anza huko, ndiyo kazi ya ada unayokatwa. Huna uwezo wa kulipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imetambua watoa msaada wa bure, na Dar wako karibu kuliko mkoa wowote. Na kama usingizi haujarudi hata baada ya kuandika ripoti, ongea na mshauri nasaha. Mtu asiyelala usiku wa nane hapaswi kushika trei la dawa, na hilo nalo ni la kumwambia metroni.

Hayo yote yanaweza kungoja hadi asubuhi. Moja haliwezi. Mama wa kitanda cha 9 kama bado yuko wodini, nenda kapime presha yake sasa hivi na umweleze daktari wa zamu, kama hukurudi kumpa, kwamba dozi ya usiku ule haikutolewa. Kama ameshakwenda nyumbani, namba yake ya simu iko kwenye rejista ya kulazwa. Daktari ampigie leo, amuulize kama kichwa kinauma au macho yanaona ukungu, na amwite aje apimwe.